Arbuthnot Lane, munganga aliyekata matumbo ili kuponya viungo

Ukitembea sokoni Goma, Bukavu au Uvira, hutakosa kukutana na mtu anayeuza dawa ya kusafisha tumbo. Atakuambia kwamba magoti yanayouma, mgongo unaokaza asubuhi na vidole vinavyovimba vinatokana na uchafu uliokaa tumboni siku nyingi, ukapenya kwenye damu na kushuka ndani ya viungo. Wengine hununua chupa, wengine hupigwa lavema, na wengine huacha dawa walizoandikiwa hospitalini. Wazo hilo halikuzaliwa jana, na wala halikuzaliwa kwetu peke yake. Miaka zaidi ya 100 iliyopita lilishikwa na mmoja wa wapasuaji wakubwa wa Uingereza, naye akalifikisha mahali ambapo hakuna mwuza dawa wa sokoni amewahi kufika: aliwapasua watu na kuwatoa utumbo mpana mzima ili viungo vyao vipone.

Jina lake ni William Arbuthnot Lane. Baadhi ya wagonjwa wake walikufa kwa sababu ya upasuaji huo, na wengine walisema wamepona. Wenzake walimcheka hadharani, kisha akasahaulika. Hata hivyo, tangu miaka ya 1980, wanganga wa viungo wamerudi kuangalia matumbo. Ndiyo maana maisha yake yanafaa kusimuliwa.

Mtoto wa kambi

Lane alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 1856 huko Fort George, ngome ya jeshi karibu na mji wa Inverness, kaskazini mwa Scotland. Baba yake, Benjamin Lane, alikuwa Mwairlandi na munganga wa jeshi. Jeshi la Uingereza wakati ule lilikuwa na kambi karibu kila pembe ya dunia, na familia ya munganga ilifuata kikosi kilipotumwa. Mtoto huyo alikua akihama, akibadili shule na hali ya hewa, mpaka wazazi walipoamua kumrudisha Scotland kwa masomo ya bweni.

Mwaka 1872, akiwa na miaka 16 tu, aliingia kusomea uganga katika hospitali ya Guy's, London. Hospitali hiyo ipo karibu na mto Thames, na katika miaka ile ilizungukwa na bandari, maghala, viwanda vya pombe na nyumba za maskini. Waliofika pale wakiwa wamevunjika miguu walikuwa wapakuzi wa meli, wabeba makaa na madereva wa magari ya farasi. Na waliofia pale bila ndugu wa kuwazika, miili yao mara nyingi iliishia kwenye meza za wanafunzi.

Lane alijifunza mengi kutoka kwa maiti hao kuliko kutoka kwa vitabu. Baada ya kupata shahada zake, alifundisha wanafunzi namna mwili ulivyojengwa, na kwa miaka kadhaa alipasua maiti za wafanyakazi akiangalia jambo moja: kazi ilikuwa imeifanya nini mifupa yao. Aliona kwamba aliyebeba mapipa ya pombe kwenye bega la kuume kwa miaka 20 alikuwa na bega, mbavu na uti wa mgongo visivyofanana na vya mtu mwingine. Mbeba makaa alikuwa na alama zake. Fundi viatu, anayekaa ameinama na kiatu kimebanwa kifuani, alikuwa na mwili ambao mtu angeweza kuusoma kama kitambulisho. Mwaka 1888 Lane alichapisha maandiko juu ya mwili wa fundi huyo. Aliandika juu ya viungo vilivyolika, mifupa iliyokua mahali isipopaswa, na pingili za mgongo zilizoteleza kwa sababu ya mzigo.

Mtu yeyote aliyewaona wanaume wanaosukuma chukudu kwenye barabara za Goma, au akina mama wanaopanda milima ya Kivu na mzigo ulioning'inia kwenye paji la uso, ataelewa haraka Lane alikuwa anatazama nini. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake safi kuliko zote, ingawa ndiyo isiyotajwa sana. Na ndani yake mna mbegu ya makosa yake ya baadaye, kwa sababu alitoka pale akiamini kwamba mwili hubadilika kufuata nguvu zinazouvuta, na kwamba karibu kila ugonjwa unaweza kuelezwa kama fundi anavyoeleza mashine iliyopinda.

Chuma ndani ya mfupa

Imani hiyo ilianza kwa kumletea sifa. Wakati ule, mtu akivunjika mguu bila ngozi kupasuka, wanganga walimfunga mbao na kungoja. Mara nyingi mfupa uliunga ukiwa umepinda. Kwa tajiri huo ulikuwa usumbufu. Kwa mpakuzi wa bandari ulikuwa mwisho wa mshahara. Lane aliwafuatilia watu hao na kuona kwamba wengi hawakurudi kwenye kazi yao ya zamani. Kwa hiyo katika miaka ya 1890 alianza kufanya jambo ambalo wengi waliliona kama wazimu: kumpasua mtu ambaye ngozi yake ilikuwa nzima, kufika hadi kwenye mfupa, na kuushikamanisha kwa skrubu, na baadaye kwa vipande vya bati la chuma.

Hatari ilikuwa moja, nayo ni usaha. Hapakuwa na antibiotiki. Mfupa ukiingiwa na vijidudu, mgonjwa angeweza kupoteza mguu au maisha. Lane alijibu kwa nidhamu isiyo ya kawaida. Alitengeneza vyombo virefu, ili vidole vyake, hata vikiwa ndani ya glavu, visiguse kidonda kabisa. Sehemu ya chombo iliyoshikwa na mkono haikugusa nyama, na sehemu iliyogusa nyama haikuguswa na mkono. Uzi, sindano, vitambaa, vyote vilifuata sheria hiyo. Kitabu chake juu ya upasuaji wa mifupa iliyovunjika kilitoka mwaka 1905. Wapasuaji waliojaribu kumuiga bila nidhamu yake walipata usaha, kisha wakamlaumu yeye.

Alifanya mengine pia, nayapitia haraka. Katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street alipasua watoto wenye midomo na makaakaa yaliyopasuka. Mwaka 1902, moyo wa mgonjwa uliposimama mezani, aliingiza mkono kupitia tumbo lililokuwa wazi na kuukamua moyo kutoka chini ya kiwambo mpaka ukaanza tena kupiga. Mtu yule aliishi, na tukio hilo linahesabiwa kati ya mara za kwanza kabisa jambo hilo kufaulu. Mwaka 1913 mfalme alimpa cheo cha baroneti, na tangu hapo aliitwa Sir.

Kama angeishia hapo, leo angekuwa na sanamu mahali fulani.

Bomba lililoziba

Lane alikuwa ameona kwenye meza ya maiti kwamba utumbo mpana wa watu wengi umening'inia chini, na kwamba nyuzi za nyama zimeushika huku na kule kama kamba zilizofungwa ili usianguke. Alieleza hivi: binadamu anasimama wima, kwa hiyo utumbo uliojaa huvutwa chini, mwili hujibu kwa kujenga kamba za kuushikilia, kamba zikikaza, utumbo hukunjika kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kinyesi husimama na kuoza, vijidudu hupanda hadi kwenye utumbo mwembamba, na sumu yao hupenya ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu. Mkunjo mmoja, karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, uliitwa kwa jina lake katika vitabu vya uganga.

Hakuwa peke yake. Huko Paris, katika taasisi ya Pasteur, mtaalamu Élie Metchnikoff, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kugundua namna askari wa mwili wanavyomeza vijidudu, alifundisha kwamba utumbo mpana ni mzigo usio na faida, na kwamba uzee unaletwa na sumu ya vijidudu vyake. Metchnikoff aliwashauri watu wanywe maziwa yaliyoganda, jamaa ya mashanza yetu. Lane alikuwa mpasuaji, na mpasuaji hufikiria kisu.

Mwanzoni aliukwepa tu utumbo mpana, akiunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja na sehemu ya mwisho karibu na njia ya haja kubwa. Lakini kinyesi kilirudi nyuma na kujaza ule utumbo uliokwepwa. Basi akaamua kuutoa wote. Mwaka 1909 alichapisha kitabu juu ya kutibu kwa kisu ugonjwa wa kufunga choo.

Kufunga choo kulikuwa mlango tu. Kwa Lane, sumu ya tumboni ilieleza uchovu, ngozi kuwa na rangi mbaya, mikono baridi, huzuni, matiti yenye uvimbe, hata saratani na kifua kikuu. Lakini ugonjwa alioupenda zaidi kuutaja kama ushahidi ulikuwa rumatizimu ile mbaya inayovimbisha viungo vingi kwa pamoja na kuvikunja vidole, ugonjwa unaowapata zaidi wanawake. Alidai kwamba vijidudu na sumu visingeweza kushika kiungo kama damu haikuchafuliwa kwanza na tumbo. Alipeleka dai hilo mpaka kwa watoto. Katika hospitali ileile ya Great Ormond Street, mwaka 1897, munganga George Frederic Still alikuwa ameandika juu ya watoto wanaovimba viungo, na aina moja ya ugonjwa huo ina jina lake mpaka leo. Kwa Lane, hata hao walikuwa na shida ya tumbo.

Hapa msomaji anapaswa kukumbuka maisha ya mwanamke mwenye ugonjwa huo mwaka 1910. Dawa pekee zenye nguvu kidogo zilikuwa za familia ya aspirini. Maumivu yalimwamsha usiku, asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya nguo, na baada ya miaka vidole vilipinda kando. Kisha anasikia kwamba mpasuaji mashuhuri, mtulivu, mwenye heshima, anaweza kumtoa chanzo chenyewe. Wengi walikubali. Walitoka mbali kumfuata.

Baadhi hawakurudi nyumbani. Kutoa utumbo mpana bila antibiotiki, bila damu ya kuongezwa, kulikuwa hatari kubwa hata mikononi mwa mtu mwangalifu kama yeye. Wengine walibaki na kuhara kusikoisha, au makovu ya ndani yalifunga matumbo yao wakalazimika kupasuliwa tena. Na wengine, ni lazima tuseme, walisema viungo vimelegea na wameanza kutembea. Lane aliwaonyesha hao. Hakuwa na kundi la wagonjwa wasiopasuliwa la kulinganisha nalo, na rumatizimu ni ugonjwa unaopanda na kushuka wenyewe. Mtu aliyelazwa wiki nyingi kitandani, akilishwa vizuri na kuhudumiwa, anaweza kuona nafuu hata kama kisu hakikufanya chochote.

Kicheko na kesi

Mwaka 1906, mwandishi George Bernard Shaw alitoa mchezo wa kuigiza uitwao The Doctor's Dilemma. Ndani yake kuna mpasuaji anayeamini kwamba kila mtu anaumwa kwa sababu ya mfuko fulani tumboni uliojaa uchafu, na kwamba kila mtu lazima akatwe mfuko huo, ambao kwa kweli haupo. Watu wengi wa London waliamini wanamjua aliyechorwa pale.

Mwaka 1913, chama cha wanganga kiitwacho Royal Society of Medicine kilifanya mikutano kadhaa juu ya sumu ya tumboni. Lane alitetea wazo lake. Waliompinga walimwuliza swali ambalo halikupata jibu: sumu hiyo inaitwaje, nani ameikamata ndani ya damu, na ni kiasi gani? Yeye alikuwa na michoro ya mabomba na wagonjwa walioshukuru. Chupa yenye sumu hakuwa nayo.

Pigo kubwa zaidi lilitoka Marekani. Mwaka 1919, munganga Walter Alvarez alionyesha kwamba kichwa kuuma na uchovu wa mtu aliyefunga choo huondoka mara tu anapokwenda haja, jambo ambalo lisingewezekana kama sumu ilikuwa tayari imeenea katika damu. Miaka michache baadaye jaribio lilifanywa kwa watu wazima wenye afya: waliwekewa pamba safi mwishoni mwa utumbo, wakapata dalili zilezile. Pamba haina sumu. Ni mkazo wa utumbo wenyewe, kupitia mishipa ya fahamu, uliowasumbua.

Wakati huohuo wazo la Lane lilikuwa limevuka bahari na kuangukia mikono mibaya. Huko Trenton, jimbo la New Jersey, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili, Henry Cotton, aling'oa meno, akatoa tonsili, kisha akatoa utumbo mpana wa watu ambao wengi wao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Kwa hesabu yake mwenyewe, karibu mmoja kati ya watatu waliotolewa utumbo alikufa. Lane hakushika kisu cha Trenton. Lakini Cotton alitegemea jina lake na maandiko yake.

Kutoka kisu hadi pumba

Vita vya kwanza vya dunia vilimpa Lane kazi nyingine. Akiwa mshauri wa upasuaji wa jeshi huko Aldershot, alimsaidia kijana Harold Gillies kupata nafasi ya kutengeneza nyuso za askari zilizopasuliwa na risasi na mabomu. Hospitali iliyojengwa Sidcup mwaka 1917 kwa kazi hiyo ilitokana kwa sehemu na msukumo wake, na ndipo upasuaji wa kisasa wa kurekebisha sura ulipokulia.

Kisu cha tumbo alikiweka chini polepole. Alikuwa tayari ameanza kuwapa wagonjwa mafuta laini ya parafini yaliyosafishwa, ya kunywa, ili choo kiteleze. Aliona kwamba wengi hawakuhitaji tena kupasuliwa. Alistaafu Guy's mwaka 1920. Mwaka 1925 alianzisha chama kilichoitwa New Health Society, na mzee huyo wa karibu miaka 70 akaanza kuzunguka, kuandika magazetini na kuhubiri: kuleni mkate wenye pumba, mboga za majani, matunda, ota jua, fanya mazoezi, nenda chooni kila siku, na kwa kuchuchumaa, si kwa kukaa kama kwenye kiti. Wakati ule munganga wa Uingereza aliyezungumza na watu magazetini alihesabiwa kuwa anajitangaza, na hilo lilikatazwa. Lane hakunyamaza. Alilifuta jina lake mwenyewe kwenye daftari la wanganga ili awe huru kusema.

Kwa msomaji wa Kivu aliyelelewa kwa maharagi, sombe na lengalenga, mahubiri hayo ni kama kumfundisha samaki kuogelea. Lakini London ya mwaka 1925 ilikula mkate mweupe, nyama na sukari, na kuziona pumba kama chakula cha farasi. Miaka mingi baadaye mpasuaji mwingine, Denis Burkitt, aliyefanya kazi karibu miaka 20 Uganda, alishiriki kupima vyoo vya wanakijiji wa Uganda na vya Waingereza. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba chakula cha Waganda kilipita haraka zaidi na choo chao kilikuwa kizito zaidi. Juu ya pumba, angalau, Lane alikuwa mbele ya wakati wake.

Lane alifariki London tarehe 16 mwezi wa 1 mwaka 1943, akiwa na miaka 86, katikati ya vita vya pili. Wazo lake la sumu ya tumboni lilikuwa limekufa kabla yake. Mwanafunzi wa uganga aliyelitaja wakati huo angechekwa.

Ukuta wenyewe

Lakini mwaka mmoja kabla ya kifo chake, huko Stockholm, munganga mwanamke Nanna Svartz alikuwa amechapisha matokeo ya dawa mpya. Yeye aliamini kwamba rumatizimu ina mkono wa vijidudu, kwa hiyo aliunganisha dawa ya kuua vijidudu na dawa ya jamaa ya aspirini. Ikasaidia baadhi ya wagonjwa wa viungo. Ikasaidia zaidi wagonjwa wenye vidonda katika utumbo mpana. Dawa hiyo, sulfasalazini, bado inaandikwa leo kwa magonjwa hayo yote mawili.

Katika miaka ya 1980, kwenye chuo kikuu cha Gent, Ubelgiji, wanganga Herman Mielants na Eric Veys waliamua kuangalia kwa kamera ndani ya matumbo ya watu wenye jamaa ya rumatizimu inayokaza mgongo na magoti. Wagonjwa wengi hawakulalamika tumbo hata kidogo. Hata hivyo, karibu theluthi mbili walikuwa na uvimbe mdogo kwenye ukuta wa utumbo, mara nyingi mwishoni mwa utumbo mwembamba. Mwaka 1994, huko Texas, panya waliopandikizwa jini ya binadamu inayohusika na ugonjwa huo walilelewa mahali pasipo kijidudu hata kimoja: hawakupata ugonjwa wa tumbo wala wa viungo. Wenzao waliolelewa kawaida waliugua vyote viwili.

Ukuta wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli, zinazobadilishwa kila baada ya siku chache. Ukiutandaza utumbo wote na mikunjo yake, unapata mita za mraba 32 hivi. Kati ya seli na seli kuna vifungo vinavyoweza kukaza au kulegea, na nyuma yake kuna kundi kubwa kuliko yote la askari wa mwili. Vifungo vikilegea, vipande vya vijidudu hupenya, na askari huamka. Wanachofanya baada ya hapo ndicho kinachochunguzwa sasa: wengine huonekana kusafiri hadi kwenye viungo na kuanza vita huko. Mwaka 2020, watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walionyesha kwamba kwa panya ukuta hulegea kabla viungo havijavimba, na kwamba dawa ya kukaza vifungo, ikitolewa mapema, hupunguza ugonjwa. Kwa binadamu jambo hilo bado halijathibitishwa.

Kwa hiyo Lane alikosea kuhusu bomba lililopinda, na alikosea kuhusu kinyesi kilichokaa. Tatizo si choo kuchelewa. Kuosha utumbo kwa lavema hakukazi vifungo vya seli, na lavema zenye miti au kemikali kali zinaweza kuuchoma ukuta huohuo. Hata wale wagonjwa wachache waliopata nafuu wana mfano leo: mtu mwenye vidonda vya utumbo mpana anayelazimika kutolewa utumbo huo mara nyingi hupata nafuu ya magoti na vifundo, lakini mgongo wake hauponi.

Kuna jambo moja ambalo Lane hangeweza kulijua, na linatuhusu sisi kwa karibu. Katika miaka ya 1980, huko London, Ingvar Bjarnason na wenzake waliwapa wagonjwa wa rumatizimu kinywaji chenye vitu visivyosagwa na mwili, kisha wakapima mkojo kuona ni kiasi gani kimepenya ukuta wa tumbo. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya ulegevu waliouona ulisababishwa na dawa zenyewe za maumivu, jamaa ya ibuprofeni na diklofenaki. Hizo ndizo zinazouzwa kwenye kila farmasi ya mtaa kwetu, kwa kidonge kimoja kimoja, mara nyingi bila karatasi ya munganga. Zinatuliza kweli. Lakini kuzimeza kila siku kwa miezi, tumbo likiwa tupu, ni jambo la kuzungumza na munganga kwanza.

Na kuna kuhara. Baada ya kuhara damu, au kuhara kunakoletwa na salmonela, baadhi ya watu huvimba goti au kifundo wiki moja hadi nne baadaye, wakati tumbo limekwisha kupona, wakati mwingine macho yakiwa mekundu na mkojo ukichoma. Mgonjwa hafikirii tena juu ya ule ugonjwa wa tumbo, na anayemtibu asipouliza hataambiwa. Anayepatwa na hilo amwambie munganga habari zote mbili kwa pamoja.

Ukiingia leo katika chumba cha upasuaji, kwenye sinia la vyombo kuna koleo zenye meno, za kushika mfupa au nyama. Katika orodha za watengenezaji bado zinaitwa koleo za Lane.